Ukaguzi wa Kisiwa cha Ngekewa

Nchi ninayoisimulia hapa haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua yeye, kosa litakuwa la macho yake. Mimi nimeichunguza kwa makini na sikuona popote inapofanana nayo.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mheshimiwa Mlezi. Siku moja, akiwa ziarani katika mji wa Gatini ulio kando ya ziwa, alilazimika kulala katika hoteli ya kawaida, kwa sababu ile kubwa ilikuwa imejaa wasaidizi wake. Akalala usingizi mnono. Asubuhi akala mayai mawili, akasimama kwenye ngazi za hoteli na kutoa hotuba ya saa tatu ambayo watoto wa shule huikariri hadi leo.

“Ndugu wananchi!” alisema. “Huko juu nimewahi kulala, nikaona upepo mtupu. Huko chini nimesimuliwa. Kuanzia leo taifa letu litakaa katikati, na atakayeonekana amesogea, atasogezwa!”

Ikaundwa Idara ya Ukati, na hoteli zote za Gatini zikapewa siku tisini ziwe za daraja la kati. Hoteli Kasri, iliyokuwa na bwawa la kuogelea, ilipunguza maji mpaka magotini, na lifti yake ikaamriwa iishie kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mgeni amalizie mwenyewe. Nyumba ya wageni ya Pumzika, ambayo siku zote ilijulikana kwa kunguni wake, ililetewa taa kubwa ya vioo kutoka ng’ambo. Dari ilikuwa fupi, kwa hiyo taa ikafika kiunoni, na wageni wakawa wanapita ukumbini kwa kutambaa.

Ulitoka pia Mwongozo wa Ukati, kurasa mia mbili na kumi. Kila kitanda kiwe na mto mmoja na nusu. Maji ya moto yawepo lakini yasizoeleke. Mhudumu atabasamu bila kuonyesha meno ya nyuma. Na kila chumba, pasipo kisingizio, kiwe na mwonekano wa Kisiwa cha Ngekewa.

Kisiwa hicho ndicho kilichowaleta watu Gatini. Kilikuwa hifadhi ya taifa, mwendo wa saa moja kwa kivuko, nako kulikuwa na viboko, pongo, nzohe, wale swala wa majini, wanaopita kwenye matete bila kulowa mgongo, na tai furukombe ambao sauti zao husikika maji yakitulia. Zamani mtu alifika gati, akapanda kivuko, akaenda. Baada ya hotuba ilibainika kwamba huko ni kupita kiasi. Ikaamriwa kila msafiri kwanza ateue hoteli ya daraja la kati, aeleze kwa maandishi sababu za uteuzi wake, apigiwe muhuri na hoteli hiyo, ndipo avuke. Tangu hapo kivuko kiliondoka kila Alhamisi saa nne kamili asubuhi kikiwa kitupu, na rekodi yake ya usalama ikawa ya kupigiwa mfano.

Bi. Somoe hakuwa na habari ya mambo hayo. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mkoba mweusi, aliyesimamia mitihani ya darasa la saba kwa miaka thelathini. Kazi hiyo ilikuwa imempa jicho baya sana la kugundua kazi iliyonakiliwa. Mumewe alikuwa Fundi Dilunga, mchora mabango. Huyu alichora vinyozi, mabasi, bucha na zahanati, lakini picha iliyompa jina ilikuwa ya Kisiwa cha Ngekewa: vilima viwili vya kijani, maji ya buluu, na ndege mnandi amesimama juu ya jiwe. Aliichora mara elfu moja na ushei. Ilikuwa shuleni, ilikuwa benki, ilikuwa kwenye makopo ya biskuti. Idara ya Ukati ilipoanzishwa iliichukua ikaifanya Picha Rasmi, bila kumwuliza aliyeichora, kwa kuwa kuuliza kungechelewesha.

Kisiwa chenyewe Fundi Dilunga hakuwahi kukitia machoni. Alikitoa kwenye stempu ya barua.

Mapema mwezi wa pili daktari alimmulika macho, akazima tochi. “Ni presha ya macho, mzee wangu. La kushoto limeshakwenda. Hili la kulia litakusindikiza mpaka masika, zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.”

Walirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na nyumba Fundi alisimama. “Mama Rehani,” alisema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao kama desturi, “miaka arobaini nimewaonyesha watu kisiwa kile. Nataka na mimi nionyeshwe.”

Bi. Somoe aliingia ndani, akashusha sanduku lililokuwa juu ya kabati.

Walifika Gatini Jumatatu. Ofisi ya Idara ya Ukati ilikuwa palepale gati, chumba chenye dirisha pana lililotazama ziwa, siku ile limefunikwa na ukungu. Nyuma ya meza, mgongo kwa dirisha, alikaa Bwana Tegemea Mbilikira, Mkuu wa Idara. Mbele yake ukutani ilitundikwa Picha Rasmi ndani ya fremu ya dhahabu, ili awe anakiona kisiwa muda wote wa kazi.

“Shikamoo mzee, shikamoo mama,” alisema kwa adabu, maana hakuwa mtu mbaya. “Mmeshateua hoteli?”

“Marahaba. Hatujateua,” alisema Bi. Somoe. “Tunataka kwenda kisiwani, baba. Hoteli yoyote ya wastani itatufaa.”

Bwana Mbilikira alishtuka kama aliyesikia tusi. “Yoyote? Mama yangu, uteuzi wa hoteli si jambo la yoyote. Mtu akiteua ya juu tunajua ana majivuno. Akiteua ya chini tunajua ana manung’uniko. Sisi humsoma mwananchi hapohapo.”

“Si nimesikia zote sasa ni za kati?”

“Ndiyo maana uteuzi ni mgumu,” alisema Bwana Mbilikira, akawapa fomu yenye nakala tano. Hoteli za kutembelea zilikuwa tatu, si mbili wala nne. Sababu za uteuzi nazo zilikuwa tatu, na moja lazima iwe ya kizalendo. Kisha muhuri wa hoteli. Alhamisi saa nne kivuko kingeondoka, nao wangekuwamo, Mungu akipenda na fomu ikitimia.

Wakaanza na Hoteli Kasri. Walipanda lifti, wakafika ilipoishia, na mhudumu wa ghorofa ya tatu akamvuta Fundi mikono huku Bi. Somoe akimsukuma kwa chini. Chumba kilitazama jikoni. Mwonekano wa kisiwa ulipatikana kwa vioo vitatu vilivyopachikwa ukutani kwa hesabu kubwa, na mgeni aliyelala chali ndani ya beseni la kuogea, akakunja shingo upande, angeona ukingo wa ziwa na kipande cha jani. Bi. Somoe alisema inatosha, wapigiwe muhuri. Mhudumu akatabasamu kwa kiasi. Muhuri ulikuwa umefungiwa, alisema, maana hoteli ilikuwa na mkaguzi, na hoteli inayokaguliwa haigongi muhuri mpaka ukaguzi uishe. Alikuwa ameshafika ghorofa ya kwanza, na mwaka ule ulikuwa wa pili.

Pumzika nako kulikuwa na mkaguzi. Walimpita alipolala kwenye mkeka, macho juu, akihesabu vioo vya ile taa, na kila mgeni aliyetambaa karibu alimpotezea hesabu akaanza upya.

Hoteli ya tatu, na ya mwisho kwa mujibu wa fomu, iliitwa Sawasawa. Ilikuwa hoteli safi, ya ukweli, ambayo ingekuwa ya daraja la kati hata kama asingezaliwa mtu wa kuiamuru. Mapokezi alikaa binti aitwaye Asumini, na alipomwona mzee akipapasa kizingiti kwa mguu alisahau Mwongozo, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

“Karibu baba, shika mkono wangu. Mnataka chumba chenye mwonekano?”

“Mwonekano ndio uliotutoa nyumbani,” alisema Fundi.

Akawapeleka chumba namba nane na kufungua pazia. Fundi Dilunga alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Akageuza kichwa upande, kama alivyozoea siku hizi, ili jicho la kulia litangulie. Vilima viwili. Maji. Kijani.

“Mama Rehani!” aliita. “Kisiwa! Hakiko mbali kabisa!”

Bi. Somoe alikuwa ameshaona. Dirisha lilitazama ukuta wa nyuma wa kiwanda cha barafu, hatua sita kutoka pale, na ukuta mzima ulikuwa umechorwa. Alimwangalia mumewe, mikono yake miwili ikiwa imeshika fremu ya dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya usimamizi wa mitihani alifikiria kunyamaza. Wangekaa siku tatu, angemsomea majina ya ndege, wangerudi nyumbani naye ameridhika. Lilikuwa jambo rahisi, na moyo ulimuuma kwa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Fundi alitazama tena, kisha akacheka kwa pua.

“Yule mnandi ana mguu mmoja,” alisema. “Nilikichora wiki moja ya ukungu, ziwa lote halionekani, nikaishiwa rangi nyeusi. Nilisema nitarudi Jumamosi kummalizia, na sikurudi. Mwaka gani ule, Mama Rehani? Mwaka aliozaliwa Rehani.”

Akakaa kitandani, juu ya ule mto nusu. Asumini alishika pazia asijue alifunge au aliache. “Samahani, baba,” alisema. “Wageni wote huwa wanalipenda.”

Kulikuwa na mkaguzi Sawasawa pia. Bwana Lutandula aliishi chumba namba sita, mwaka wa nne sasa, na kwenye mlango alikuwa ameotesha mchongoma ndani ya ndoo. Bi. Somoe alimkuta asubuhi ya Jumatano akikagua chai, chapati tatu, maini na embe. Aliketi mbele yake bila kukaribishwa.

“Mwanangu, umebakisha nini?”

“Mito, mama. Mito bado sijaifikia.”

“Kwa miaka minne?”

“Ukaguzi si mbio,” alisema Bwana Lutandula kwa upole, akapaka embe chumvi. “Nilianza na vitasa. Vitasa vilinipeleka kwenye milango. Sasa mlango huwezi kuukagua ukiwa umefungwa, wala ukiwa wazi.”

“Na hakuna anayekuuliza utamaliza lini?”

Mkaguzi aliweka chini kipande cha embe. Akatazama huku na huku. “Mama, sheria inakataza. Kifungu cha tisa. Mkaguzi aliyeanza kukagua hahamishwi, haulizwi, na hulala mahali anapokagua. Anachotakiwa ni kupeleka taarifa kila wiki kwamba ukaguzi unaendelea. Tangu taifa lizaliwe, hakuna ukaguzi uliokwisha. Mmoja ulikaribia, lakini yule bwana akafariki.”

Bi. Somoe alimshukuru, akasimama, akakumbuka jambo. “Na mkaguzi mwenyewe, lazima awe na muhuri wa hoteli?”

“Mkaguzi?” Bwana Lutandula alicheka mpaka chai ikamwagika. “Mkaguzi anakwenda tu.”

Alhamisi saa tatu na nusu walikuwa ofisini kwa Bwana Mbilikira. Nje, kivuko kilikuwa kimeshawasha injini. Fomu yao ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wa mwalimu, nakala tano, sababu tatu, ya kizalendo ikiwa ya pili, ila pale pa muhuri palikuwa peupe.

“Bila muhuri hakuna safari,” alisema Bwana Mbilikira, na uso wake ulionyesha kwamba kweli amesikitika. “Wakaguzi wakimaliza, mama, njooni siku hiyohiyo.”

“Mume wangu hana siku hiyohiyo. Ana mpaka masika.”

“Hilo nalo halina kisanduku kwenye fomu.”

Kivuko kilipiga honi ya kwanza. Fundi Dilunga alikuwa amekaa benchini, kofia magotini, akitazama sakafu. Bi. Somoe alitazama Picha Rasmi ndani ya fremu yake ya dhahabu. Kisha akatazama dirisha nyuma ya kichwa cha Bwana Mbilikira. Asubuhi ile ilikuwa imepambazuka bila ukungu hata kidogo, na kisiwa kilionekana chote. Lile jicho lake la mitihani likafanya kazi lenyewe, kabla hajaliambia.

“Bwana Mkuu,” alisema, “vilima hapo pichani ni vingapi?”

“Viwili. Kila mtoto anajua.”

“Geuka.”

Bwana Mbilikira hakuwa amewahi kugeuka. Alianza kazi akikuta kiti kimewekwa vile, na hakuona sababu. Sasa aligeuka, polepole. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kwa kidole kingine.

“Vitatu,” alisema kwa sauti ndogo. Kisha akakaa, akasimama, akafunga mlango. “Mama, umeona unachokifanya? Picha ile imepigwa muhuri na Mheshimiwa Mlezi mwenyewe. Haiwezi kukosea. Maana yake kisiwa kimezidi! Kisiwa kimevuka ukati, mbele ya ofisi yangu, nami nimekipa mgongo miaka sita!” Akaipangusa shingo. “Au kuna mtu amelidanganya taifa. Nani aliyechora ile picha?”

Hilo Bi. Somoe hakuwa amelipigia hesabu. Alikuwa anatafuta mlango wa kumtolea mumewe, na huenda amemfungulia wa gereza.

“Mimi,” alisema Fundi Dilunga kutoka benchini. Alisimama, kofia mkononi. “Nilinakili kwenye stempu. Ilikuwa stempu iliyotumika, mwanangu. Upande wa kushoto posta walikuwa wamegonga muhuri wao, mweusi, mkubwa. Chini ya muhuri sikuona kitu, basi nikachora maji.”

Kulikuwa na kosa, hilo lilikuwa wazi. Lakini lilikuwa limefanywa na muhuri, na katika nchi ile hapakuwa na kifungu cha kuushtaki muhuri.

Honi ya pili ikalia. Bi. Somoe akaona nafasi, akaingia.

“Bwana Mkuu, jambo kama hili si la kuamuliwa ofisini. Linataka ukaguzi. Kisiwa kilinganishwe na picha, kilima kwa kilima, jani kwa jani. Na ni nani nchi hii anayeijua picha ile kuliko aliyeichora mara elfu?”

Uso wa Bwana Mbilikira ulianza kurudiwa na damu. Ukaguzi! Jambo likishakuwa kwenye ukaguzi halina tena mwenye kosa.

“Lakini mzee haoni vizuri,” alisema.

“Ndiyo maana atahitaji msaidizi wa kuhesabu.”

“Yupo?”

“Ameshafunga mkoba.”

Bwana Mbilikira aliandika barua ya uteuzi akiwa amesimama. Honi ya tatu ilipolia walikuwa wanavuka ubao wa kivuko, Bwana Mbilikira akiwa mbele na fomu kwapani, kwa sababu mkaguzi mpya lazima akabidhiwe eneo lake kwa mkono. Mabaharia walipoona abiria waliwapigia makofi.

Kisiwa kilikua taratibu. Fundi Dilunga alishika reli ya mbele, kichwa upande, jicho la kulia mbele. Kile kilima cha tatu kilitoka nyuma ya wenzake upande wa kushoto, mahali ambapo kwa miaka arobaini alichora maji.

“Ni kirefu kuliko vyote viwili,” alisema.

“Kirefu,” alisema Bi. Somoe.

“Na kijani kile sijawahi kukichanganya. Nilikuwa natia njano nyingi. Angalia pale, Mama Rehani, pale chini kuna weusi unaoingia kwenye kijani. Nani angejua?” Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola, naye hakuyafuta, asije akapoteza hata muda wa kuyafuta. Furukombe akalia juu ya mti, mara mbili. Kwenye jiwe la kwanza alisimama mnandi, mabawa wazi, anajikausha.

“Ana miguu mingapi?” aliuliza Fundi.

“Miwili.”

“Alhamdulillahi.”

Kivuko kiligusa nchi kavu. Bwana Mbilikira alikohoa, akafungua fomu, akatoa kalamu. “Basi, Bwana Mkaguzi, nijaze nini hapa? Kisiwa kinafanana na picha, au hakifanani?”

Fundi Dilunga alimtafuta mkewe. Bi. Somoe alikuwa ametazama matete, lakini mkono wake ulikuwa nyuma ya mgongo wa mumewe, nao ulimfinya kidogo.

“Ukaguzi,” alisema Fundi, “unaendelea.”

Bwana Mbilikira aliinamisha kichwa. Kifungu cha tisa alikijua. Akafunga fomu, akawaagiza askari wa hifadhi wampe mkaguzi nyumba iliyo juu ya ufuko, akarudi na kivuko. Wanaosema walimwona wanasema alikaa nyuma, akakitazama kisiwa mpaka gati.

Kuanzia hapo taarifa ilikuja kila Alhamisi. Wiki ya kwanza: kilima cha kwanza kimeanza kukaguliwa. Wiki ya pili: kilima cha kwanza kinabadilika rangi saa kumi jioni, kitakaguliwa upya. Wiki ya tatu: viboko hawatulii, hawahesabiki. Bwana Mbilikira alizisoma zote. Kiti chake alikuwa ameshakigeuza nusu, ubavu mmoja kwa picha na mwingine kwa dirisha, na mtu akimwuliza alijibu kwamba huo ndio ukati wenyewe.

Kisha masika yakaanza, na jicho la kulia likafanya kama daktari alivyosema. Taarifa ya wiki ile iliandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: “Kilima cha tatu: mkaguzi sasa anakisikiliza. Msaidizi anamweleza rangi. Ukaguzi unaendelea.”

Bwana Mbilikira aliisoma mara mbili. Akachukua muhuri wa Idara, akautafutia mahali kwa muda mrefu, akaugonga pembeni kabisa, pasipo na neno lolote la kufunikwa.